Marufuku ya Sehemu ya Kumi na Sita

Jumatatu, 3 Juni

Natangaza rasmi, nikiwa na akili timamu na mikono yenye grisi: kuanzia leo, saa kumi na mbili na dakika kumi jioni, sehemu ya kumi na sita ya Ghorofa ya Saba imepigwa marufuku ndani ya nyumba hii. Haitafunguliwa, haitachunguliwa, wala haitaulizwa kwa watu wa nje. Mashahidi: mama, mimi, na paka wa jirani aliyekuwa amepita kwa shughuli zake.

Sababu ni hii. Mama ana mtoto wa jicho, macho yote mawili, mwaka wa tatu sasa. Mimi ananiona kama mtu aliyesimama nyuma ya pazia la bafu — maneno yake hayo. Daktari anasema ni kazi ya nusu saa. La kulia kwanza, la kushoto baadaye. Ijumaa wiki ijayo, tarehe 14. Mama amekubali. Lakini alishakubali mara mbili huko nyuma, na mara zote mbili aliamka siku yenyewe na mafua.

Ghorofa ya Saba ni tamthilia ya Kikorea, ya mapenzi. Sehemu kumi na sita. Mama anasikiliza, mimi nasoma maandishi ya chini na kueleza nani kaingia, nani kanuna. Majina yao hatuyawezi, tumewabatiza wenyewe. Binti amepanga nyumba ghorofa ya saba. Mlango unafunguka kwa namba nne, hauna ufunguo. Kijana aliyekuwa akikaa humo zamani anarudi kutoka ng'ambo, amelewa uchovu, anabonyeza namba zake za zamani — mlango unafunguka! Binti hakuwahi kuzibadilisha. Wanagombana, wanapendana, kama kawaida ya watu waliogombana vizuri. Kila mtu anamwambia Binti abadilishe namba. Habadilishi. Mpaka Mama Kijana anakuja na maneno yake, ndipo anabadilisha. Leo jioni sehemu ya kumi na tano imeisha: mvua, Kijana kasimama mlangoni, kidole juu ya vibonyezo. Tii.

"Weka inayofuata," mama akasema.

Nikasema hapana. Hiyo utaiona mwenyewe, kwa jicho lako.

Nilidhani atanirushia mto. Akasema sawa, lakini na mimi nisiitazame. "Ukiitazama nitakujua kwa sauti." Ni kweli, atanijua.

Jumanne, 4 Juni

Kibandani kwangu, pa kuchonga funguo, toka asubuhi. Funguo tisa, makufuli mawili, na bwana mmoja aliyeniuliza fundi yuko wapi. Nikamwambia ndiye mimi, mwanamke huyuhuyu. Akaangalia nyuma yangu kama kuna mwingine aliyejificha kwenye boksi la funguo. Marehemu baba alikuwa na kibanda hiki miaka ishirini na sita na hakuna aliyewahi kumtafuta nyuma yake mwenyewe.

Sehemu ya kumi na sita imekaa kwenye laptopu, faili la mwisho chini kabisa. Ukubwa wake, kwa namba, ni sawasawa na wa lile la juu yake. Sijaligusa. Nimeliangalia tu kama mtu anavyoangalia nyama ya jirani.

Alhamisi, 13 Juni

Kliniki wamepiga simu. Mashine ina hitilafu, njooni tarehe 12 Julai. Mwezi mzima! Mama akapokea habari kwa masikitiko makubwa ya uongo. Alikuwa anaimba jikoni.

Halafu baada ya chai akaanza. "Basi nielezee tu ile ya mwisho. Kwa maneno mawili. Nikishajua mlango ulifunguka au haukufunguka, nimetosheka. Macho ya nini tena?"

Hapo nikashtuka. Hatanii. Nina chambo kimoja tu, na mwezi mzima wa kukilinda.

Jioni dada kapiga simu, kama kila Alhamisi. Dada yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka minne na kwa kila kitu kingine. Nikamweleza. Akacheka. "Nyie bado mko kwa Wakorea? Ya Uturuki ndiyo yenyewe, mdogo wangu. Hao wengine wanaigiza."

Uturuki? Ndiyo, wameitengeneza upya. Hadithi ileile, watu wengine, mlango mwingine. Kumbe na Wafilipino nao. Na Wajapani. Nikasema usiniambie mwisho! Akasema hajafika mwisho, ya Uturuki haina mwisho, mtu anaanza akiwa msichana.

Nimekaa nawaza. Mlango mmoja, nchi nne. Mtu wa kazi yangu atalalaje na habari hii?

Jumamosi, 15 Juni

Nimekwenda kwa Mzee wa Flashi, aliyetuuzia ile ya Korea. Duka lake ni chumba kimoja, kompyuta mbili na feni inayopuliza upande wake tu. Anauza tamthilia za dunia nzima na hajatazama hata moja. Anasema mpishi mwenye njaa hupunja wateja.

Nikamwambia nataka Ghorofa ya Saba zote. Za nchi zote.

"Zote za nini? Hadithi si hiyohiyo?"

Nikamwambia hata nyumba zote zina mlango, na bado mimi nakula kwa tofauti zake. Akanitazama kwa heshima mpya, au kwa wasiwasi, feni ilikuwa inamziba.

Kanijazia flashi. Akanionya kwamba majina ya mafaili ameyapanga yeye mwenyewe kwa mkono, kwa hiyo nisiwe na shaka. Sikuwa nayo mpaka aliposema hivyo.

Kanuni mpya ya nyumba, mama kakubali: za wengine tunatazama, lakini tunasimama kabla ya mwisho. Mwisho wa mtu yeyote ni marufuku.

Jumapili, 16 Juni

Ufilipino. Sehemu tatu kwa mkupuo.

Jambo la kwanza: hakuna namba. Kuna ufunguo chini ya chungu cha maua, na kila mtu mtaani anajua uko chini ya chungu cha maua. Kijana hakuhitaji hata kuukumbuka, shangazi yake alimwelekeza. Nilikasirika kikazi. Kitasa chenyewe ni cha silinda, kizuri, kimefungwa sawasawa — na mlango uko wazi mchana kutwa! Wanaingia majirani, wanaingia binamu, anaingia mtu wa kuuza samaki na kukaa.

Mama alikuwa akisikiliza, kichwa kimeinama upande. Halafu: "Kule Korea Binti yuko peke yake. Nilikuwa nasikia friji. Huku sijasikia friji hata mara moja."

Nikafungua ya Korea kuhakikisha. Kule Korea friji inanguruma kweli. Sehemu kumi na tano nimetazama kwa macho yangu mawili mazima na sikuwahi kuisikia.

Jumatano, 19 Juni

Aibu. Jana tulimzika Mama Kijana wa Ufilipino. Mazishi makubwa, mama alilia, mimi nilisoma maandishi, tukafika mpaka wanafunika kaburi. Leo nafungua sehemu inayofuata, nasoma kwa moyo mzito: "Mama Kijana anaingia sebuleni, anakaa, anaomba chai."

Mama akaniwekea mkono gotini. "Huyu si tulimzika jana?"

Nikasema labda ni ndoto. Nikasema labda ni kumbukumbu. Mama akasema mzimu haukorogi sukari, na huyu anakoroga. Anasikia kijiko.

Ni Mzee wa Flashi na mkono wake. Sehemu ya tisa kaiita ya kumi, na ya kumi kaiita ya tisa. Nimempigia. Kasema la muhimu ni kwamba zote zipo.

Mama amekataa kurudi nyuma. Kasema tumekwisha kulia, machozi hayarudishwi dukani, tuendelee na mama wa watu akiwa hai kwa siku moja zaidi.

Ijumaa, 21 Juni

Uturuki. Mlango! Nataka kuandika kurasa mbili juu ya mlango huo lakini nitajizuia. Mbao nene, bawaba za shaba, ufunguo mrefu kama kijiko cha supu, mizunguko mitatu: kaa, kaa, kaa. Nyumba haiko ghorofa ya saba, iko kwenye jumba la ukoo, lakini jina wameliacha. Kijana anarudi, ufunguo bado uko shingoni mwake kwenye mkufu. Miaka mitano anaoga nao! Ufunguo wa chuma! Ningemwonyesha kutu mimi.

Kila sehemu ni saa mbili. Sababu imejulikana leo. Muziki ukaanza, vinanda vingi.

"Mbona hawasemi?" mama akauliza.

"Wanatazamana."

Tukangoja.

"Bado?"

"Bado."

Mama akaenda jikoni kwa kupapasa ukuta, akajaza birika, akaweka motoni, akarudi.

"Sasa?"

"Mwanamke ameangalia chini."

"Afadhali," akasema, akakaa.

Alhamisi, 27 Juni

Dada kapiga. Mama akamnyang'anya nafasi ya salamu na kumwambia wazi: wale Waturuki wako ni wazuri lakini mama mkwe wao anaigiza. Kikombe chake anakibwaga. Mama mkwe mwenye nguvu habwagi kikombe. Wa Korea anakiweka taratiibu mpaka unasikia kisahani kinapumua — huyo ndiye wa kuogopwa.

Dada akasema mama, huoni, huwezi kumhukumu mtu hujaona sura yake.

Mama akasema: "Nimekuzaa gizani umeme umekatika, na nilijua mara moja utakuwa mbishi."

Nikaondoka chumbani nicheke vizuri.

Jumamosi, 29 Juni

Ajali. Nilikuwa nimehesabu kwamba Wafilipino wana sehemu hamsini, kwa hiyo tusimame ya arobaini na nane. Hesabu yangu na ya Mzee wa Flashi hazikuoana. Katikati ya ya arobaini na sita, bila onyo, Kijana akainua chungu cha maua — ufunguo hakuna. Binti ameuondoa. Nikanyoosha mkono kuzima, nikagonga kikombe, chai juu ya meza, na mlango ukafunguka. Ukoo mzima uko ndani, wanapiga makofi.

Nimezima. Tumekaa. Nilidhani yote yameharibika, sasa anajua, ataniambia macho ya nini.

Mama akafuta chai kwa kanga, polepole. "Hiyo ni yao," akasema. "Yetu bado."

Yetu! Wakorea wamekuwa wa kwetu, hawana habari.

Jumanne, 2 Julai

Kibandani kaja mwanamke na kitasa mkononi, kakifungua mwenyewe mlangoni, skrubu kaziweka kwenye leso. Anataka silinda mpya, ule moyo wa kitasa unaoingia ufunguo. Leo hii, kabla ya saa tisa. Sikuuliza. Wanaobadilisha silinda kabla ya saa fulani hawaulizwi.

Silinda mpya huja na funguo tatu. Akachukua mmoja, akarudisha mbili. "Hizi zitupe." Akaondoka. Akafika kwenye duka la viatu, akasimama. Akarudi, akachukua mmoja zaidi. Nikasema wa akiba? Akasema wa akiba.

Nimemsimulia mama jioni. Akauliza alivyorudi alikuwa anatembeaje, haraka au polepole. Nikasema haraka. "Basi huo si wa akiba," akasema, akaendelea kuchagua mchele kwa vidole.

Hii naihesabu kama toleo la tano. Ndiyo pekee niliyoitengenezea mlango.

Alhamisi, 11 Julai

Kesho. Mama hana mafua. Hana kikohozi. Nimemsikiliza kifua kama daktari wa bandia. Kajipangia nguo mwenyewe kitini. Sehemu ya kumi na sita nimeipangia Jumapili.

Ijumaa, 12 Julai

Amekimbia.

Tulifika mapema. Benchi refu, watu kumi na mmoja, kila mmoja na alama ya kalamu juu ya jicho lake. Mama akawekewa alama. Akawekewa dawa. Alikuwa wa nne. Nikaenda dirishani kupeleka karatasi, dakika tatu, nageuka — benchi lina watu kumi.

Nimemkuta nje ya geti, ameshika ukuta, anauliza wapita njia upande wa nyumbani ni upi. Nikamwuliza kuna nini. Akasema amekumbuka hatujafunga mlango.

Mama. Mimi ni fundi vitasa. Nimeufunga mlango ule kwa mkono wangu, mizunguko miwili, na komeo la juu.

Akasema hana uhakika. Turudi tukaangalie.

Tumerudi tukaangalia. Umefungwa.

Jumamosi, 13 Julai

Sikuwasha laptopu. Alama ya kalamu bado iko juu ya jicho lake, amekataa kuiosha, au hajui ipo. Kliniki wamempangia tena Ijumaa ya tarehe 26, na muuguzi aliniambia kwa upole kwamba baada ya hapo atapelekwa mwisho wa foleni, na foleni ni ya mwakani. Na jicho la kulia daktari alishasema haliwezi kungoja mwakani, mtoto wa jicho atakuwa mgumu kutolewa.

Nimemwambia yote hayo bila kupamba. Nikasema sehemu ya kumi na sita nitaifuta. Nikasema kwa hasira, na ni upuuzi, lakini ndiyo silaha niliyonayo.

Jioni, tukiwa tunakunja nguo, akasema kama anayeongea na shuka: "Baba yenu aliingia mlango ule akitembea."

Ni kweli. Jengo lilelile, mlango wa vioo uleule unaofunguka wenyewe. Aliingia akitembea, ameshika kofia. Kofia ndiyo tuliyorudi nayo.

Miaka yote hii nilidhani anaogopa kisu. Kumbe ni mlango. Na mimi ndiye ninayejiita mtaalamu.

Tukamaliza shuka, pembe kwa pembe.

Jumatatu, 15 Julai

Yeye ndiye aliyeanza. "Kuna Wajapani bado."

Nikasema wapo. Sehemu kumi tu, fupifupi.

Tumeanza. Mlango wa chuma, mnyororo ndani, na tundu la kuingizia barua. Ufunguo wa kawaida kabisa. Kijana anarudi, anaingiza ufunguo, unakubali, mlango unafunguka nafasi ya mkono mmoja na mnyororo unaushika. Anaomba radhi. Anaufunga tena kwa nje. Anaondoka! Mimi nimekaa mdomo wazi. Kule kwingine wote waliingia.

Shida ni kwamba hawasemi. Si kama Waturuki wenye vinanda. Hawa ni kimya kitupu. Maandishi ya chini hakuna, kwa hiyo sina cha kusoma.

"Imeharibika?" mama akauliza.

"Hapana. Binti anakunja mwavuli."

"Halafu?"

"Bado anaukunja."

"Uso wake ukoje?"

Nikatazama uso wake. Sikuweza. Hakucheka, hakununa. Nikasema yuko… kawaida. Mama akasema kawaida ya aina gani? Sikuwa na neno. Mara ya kwanza nimeishiwa tangu tuanze kazi hii.

Jumatano, 17 Julai

Wajapani, sehemu ya sita. Kijana haji tena. Ametumbukiza ufunguo kwenye tundu la barua. Nilisikia mlio mdogo, ting, juu ya sakafu. Mama naye alisikia.

"Amerudisha ufunguo," akasema.

"Ndiyo."

"Yeye Binti anafanya nini?"

"Amekaa sakafuni. Anautazama."

"Analia?"

"Halii."

"Anacheka?"

"Hapana, mama."

"Sasa anafanya nini na uso wake, wewe mtoto! Miezi miwili unanisomea, sasa umekuwa bubu?"

Nikasema sijui. Nikasema ni uso wa kuangaliwa, hauelezeki. Sikuwa natega mtego, Mungu shahidi. Niliishiwa tu.

Dirishani jirani alikuwa anapiga zulia. Halafu akasema: wale wote nimewasikia. Mkorea nimemsikia, Wafilipino wana kelele mpaka nimewahesabu, yule wa Uturuki hata akinyamaza anaita bendi nzima. Lakini huyu mtu anayenyamaza kimya, huyu huwezi kumsikia. Huyu lazima aonekane.

Nikasema ndiyo.

"Tarehe ngapi walisema?"

Ishirini na sita, nikasema, kama mtu anayetaja bei ya kitunguu. Mikono nikaikalia.

"Utanishika mkono kwenye ule mlango wa vioo. Si nje, si ndani. Kwenye mlango wenyewe."

Alhamisi, 25 Julai

Kazi leo hovyo. Nimechonga ufunguo mmoja mara tatu. Dada kapiga, kasema mwambie mama asiogope. Mama kasema mwambie dada yako ashughulike na Waturuki wake.

Ijumaa, 26 Julai

Tumeingia. Kwenye mlango mama alisimama. Vioo vikafunguka, vikangoja, vikafunga, vikafunguka tena. Watu nyuma yetu. Mwanamume mmoja akasema mama, pita basi. Nikamwambia atulie, fundi yuko kazini.

Mara ya nne akapita.

Dakika thelathini na tano. Nimetazama kitasa cha chumba cha upasuaji muda wote. Cha kawaida, kimefungwa kichwa chini miguu juu. Ametoka akitembea. Amefungwa bandeji kama haramia, anauliza kama kuna chai.

Jumamosi, 27 Julai

Wamemfungua asubuhi. Muuguzi akabandua bandeji taratibu, akasema fumbua, mama. Mama akafumbua. Akatazama ukuta. Akamtazama muuguzi, akamwambia asante, una meno mazuri. Akanigeukia.

Alinitazama muda mrefu kuliko Mturuki yeyote.

"Una mvi," akasema.

Nikasema ninazo.

"Tangu lini?"

Nikasema mwaka juzi. Akanigusa pale kwenye paji. Muuguzi akatuambia matone mara nne kwa siku, asiinue vitu vizito, jicho lisipate maji, laptopu kuanzia kesho, muda mfupi. Jicho la kushoto tarehe 23 Agosti, kama atakuja.

"Kama atakuja," muuguzi kairudia, akinitazama mimi.

Njiani mama alisoma kila kibao. Kwa sauti. Hata cha kuzuia kukojoa ukutani.

Jumapili, 28 Julai

Saa kumi jioni. Nyumba imefagiliwa mara mbili, kwa sababu ameona mwenyewe ilivyo. Amenionyesha utando wa buibui ninaodaiwa kuufuga. Ameiangalia picha ya baba ukutani kwa utulivu na kusema kumbe imepinda, miaka yote mitatu? Nimeinyoosha.

Nimemwuliza aanze na yupi, Mjapani au Mkorea. Akasema ahadi ni ahadi, yetu kwanza. Mjapani atangoja, amezoea.

Nimeweka laptopu juu ya meza, mto mgongoni kwake, pazia nimevuta. Faili la mwisho, chini kabisa. Siku hamsini na tano sijaligusa. Nimebonyeza.

Muziki wa mwanzo. Mama ameinamia kioo, jicho moja wazi, la pili amelifunika kwa kiganja. Akamwona Binti: mrembo, lakini anahitaji kula. Akamwona Mama Kijana akiweka kikombe: ndiyo, huyo huyo, kama nilivyomsikia. Kisha Kijana akatokea kwenye lifti.

"Ndiye huyu?"

"Ndiye."

"Mbona mfupi? Uliniambia mrefu."

Nikasema sikusema mrefu. Akasema nilisema anainama mlangoni. Nikasema anainama kwa huzuni! Akacheka mpaka nikamkumbusha jicho lake.

Tukaendelea. Mimi nimekaa ukingoni mwa kiti, sijawahi kungoja kitu hivi tangu mtihani wa darasa la saba. Binti akabadilisha namba. Akasimama ndani ya mlango, nyuma yake friji inanguruma. Mvua ikaanza.

Mama akafumba jicho.

Nikasema vipi, linauma? Akainua kidole: subiri. Alikuwa anasikiliza.

"Mwanangu," akasema, "hii si ile ya mvua?"

Nikasema labda mvua bado inanyesha. Nikasema labda wameanza kwa kukumbusha ya nyuma. Akasema wamekumbusha kwa nusu saa? Nikasogeza mbele. Kijana mlangoni. Kidole juu ya vibonyezo. Tii. Majina ya wapishi, madereva na wapaka rangi yakaanza kupanda.

Nimefungua ya kumi na tano. Nimeziweka ubavu kwa ubavu. Mvua ileile, kidole kilekile: ni sehemu moja kwa majina mawili.

Mama hakukasirika. Anasema aliisikia tu, hajawahi kuiona, niirudishe kwenye lifti amtazame tena yule mfupi. Anauliza la kushoto walisema tarehe ngapi vile.

Nimempigia Mzee wa Flashi mara tatu. Jumapili hafungui.